Usingizi wa Mgonjwa wa Muda Mrefu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Kukosa usingizi huwa tatizo la kitabibu pale mtu anapochelewa kusinzia, anaposhtuka kila mara usiku au anapoamka mapema mno, angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, na mchana wake ukaharibika kwa uchovu, hasira za karibu au kusahausahau. Mzee anayelala kwa muda wa saa sita na kuamka mzima hana ugonjwa huu, hata kama vijana wa nyumba yake hulala zaidi.

Kwa mwenye kisukari, presha, pumu, ugonjwa wa figo au saratani, usiku wa kukesha una gharama ya ziada. Usingizi unapopungua, presha hupanda, mwili huitikia insulini kwa unyonge na maumivu huhisiwa kwa ukali zaidi. Ugonjwa nao ukichachamaa, usingizi huzidi kutoroka. Ndiyo maana matibabu yana mpangilio wake: kwanza hutafutwa kinachomwamsha mgonjwa, kisha hurekebishwa saa za kumeza dawa zake, halafu hutengenezwa mazoea ya kulala. Kidonge cha usingizi huja mwisho, tena kwa muda mfupi. Katika Garissa, Wajir na Mandera mara nyingi mpangilio huu hupinduliwa, kwa sababu kidonge kiko kwenye kemisti ya jirani ilhali daktari yuko safari ya siku nzima.

Daftari la usiku

Kazi huanza kwa kuandika. Kwa wiki mbili huandikwa kila asubuhi mgonjwa aliingia kitandani wakati gani, alisinzia lini kwa makisio, aliamka mara ngapi na kwa sababu gani: haja ndogo, kikohozi, maumivu, miguu, ndoto au joto. Huongezwa usingizi wa mchana, kikombe cha mwisho cha chai, miraa kama anakula, na saa ya kila dawa. Asiyejua kuandika huandikiwa na mtoto wa shule aliye nyumbani. Hakuna haja ya kuhesabu dakika, kwani kutazama saa usiku kucha huongeza wasiwasi. Nyakati za swala zinatosha, kama vile "alilala baada ya Isha, akaamka mara mbili kabla ya Alfajiri".

Mgonjwa anayetoka miji ya mbali kama Elwak au Rhamu kwenda kliniki mara moja kwa miezi kadhaa hufaidika zaidi akibeba daftari hilo pamoja na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwemo unga wa mitishamba na vidonge vya dukani. Mara nyingi jibu huonekana mfuko unapomwagwa mezani.

Ugonjwa wenyewe unapoamsha

Katika kisukari, sukari ikipanda figo huitoa pamoja na maji, na mgonjwa huamka kukojoa mara nne au tano. Kujinyima maji mchana kutwa hakusaidii, na katika joto la Garissa ni hatari. Hutosha kupunguza kunywa katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Tiba hasa ni kushusha sukari. Anayetumia insulini na bado sukari haishuki anapaswa kukagua mahali inapowekwa, kwa sababu chupa inayokaa kwenye rafu chini ya mabati au ndani ya gari huharibika, na mgonjwa huendelea kujidunga bila faida. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kufuata joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini ya aina kadhaa huhifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Ili kubaki ndani ya kiwango hicho, nyumba isiyo na friji hutumia chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, na kitambaa kibichi juu, vyote vikiwekwa kivulini penye upepo. Insulini hukaa ndani ya kikopo kikavu katika chungu kidogo, na mchanga hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni.

Sukari ikishuka usiku nayo huamsha, lakini kwa namna nyingine: jasho jingi, ndoto za kutisha, moyo kudunda na kichwa kuuma asubuhi. Hutokea zaidi kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi, hasa wazee waliolala bila kula. Mgonjwa wa namna hii hupimwa sukari usiku wa manane na kupunguziwa dawa na daktari. Akipewa kidonge cha usingizi, huenda asiamke sukari inaposhuka.

Mgonjwa wa moyo ambaye pumzi humkatika akilala chali, akahitaji mito miwili mitatu na miguu yake ikavimba, ana maji yanayojaa mapafuni na anahitaji kurekebishiwa dawa. Anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla kisha akavuta pumzi kwa kishindo, huku mchana akisinzia kila anapoketi, huenda pumzi yake huziba usingizini. Hali hiyo hufanya presha igome kushuka. Kulala ubavu na kupunguza uzito humsaidia, na dawa za kusinzisha humdhuru.

Mwenye pumu anayeamka kwa kikohozi au kifua kubana zaidi ya mara moja kwa wiki hajadhibitiwa ugonjwa wake, na anahitaji kivuta-dawa cha kuzuia, chenye steroidi, cha kutumia kila siku, mbali na kile cha salbutamoli cha kutuliza. Nyumbani kuna chanzo kinachosahaulika: uunsi, ubani na udi unaofukizwa jioni kwenye chetezo. Moshi huo hukaa ndani ya chumba kilichofungwa hadi usiku. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu, ni bora chetezo kikae uani.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, hupimwa kifua kikuu. Eneo hili lina historia ya kutibu ugonjwa huo kwa uvumilivu: mwaka 1976 Mwitaliano Annalena Tonelli alianzisha Wajir manyatta ya kifua kikuu, ambako wafugaji walihamia karibu na matibabu na kumeza dawa kwa miezi mbele ya mhudumu. Usingizi wa mgonjwa wa namna hiyo hurudi kwa dawa za kifua kikuu, wala hauletwi na dawa ya kusinzisha kama Piriton.

Wenye ugonjwa wa figo husumbuliwa na mwasho wa ngozi na miguu isiyotulia, yaani hamu ya kuichezesha inayoanza jioni na kupungua mtu akitembea. Hali hiyo ya miguu pia huletwa na upungufu wa madini ya chuma, hivyo damu hupimwa kabla ya dawa. Wanaosafishwa damu kwa mashine hujitahidi kutosinzia wakati wote wa kazi hiyo, la sivyo usiku huwa mrefu.

Maumivu hutulizwa kwa ratiba. Mgonjwa wa saratani anayesubiri hadi maumivu yapande ndipo ameze dawa atakesha. Anayemeza kwa saa zilizopangwa hulala, na daktari anaweza kupanga dozi ya mwisho ivushe usiku.

Huzuni na hofu nazo ni magonjwa. Kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, kukosa hamu ya chakula na watu, na kujiona mzigo ni dalili za sonona. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliomaliza mifugo, mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148 viliacha watu wengi na ndoto mbaya na moyo unaoshtuka. Katika kambi za Dadaab kuna pia buufis, shauku ya kuhamia ng'ambo inayomkosesha mtu utulivu kwa miaka. Usingizi wa hao hautapona kabla kilicho moyoni hakijashughulikiwa.

Saa ya kumeza dawa

Dawa nyingi za kutibu ndizo zinazomnyima mgonjwa usingizi. Prednisoloni ikimezwa jioni huchangamsha ubongo. Dozi ya mara moja kwa siku humezwa asubuhi pamoja na chakula. Furosemidi, inayojulikana kwa jina la Lasix, na dawa nyingine za kuongeza mkojo humezwa asubuhi, na dozi ya pili, kama ipo, alasiri mapema. Vidonge vya salbutamoli na teofilini hudundisha moyo. Propranololi huleta ndoto kali kwa baadhi ya watu. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wanaoishi na VVU, ikimnyima mtu usingizi usiku huhamishiwa asubuhi.

Dawa za mafua zenye kuzibua pua na za kichwa zenye kafeini huongeza tatizo bila mtu kujua. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini, ilhali parasetamoli ya kawaida haina. Mabadiliko yoyote ya saa hufanywa baada ya kumuuliza daktari au mfamasia, kwa kuwa baadhi ya dawa zina sababu ya kumezwa usiku.

Joto, chai na miraa

Mwili husinzia joto lake la ndani linaposhuka. Garissa, ambako mchana wa Februari na Machi hufika nyuzi 35 na zaidi, chumba cha mabati hubaki moto hadi usiku wa manane. Kuoga maji ya vuguvugu saa moja kabla ya kulala, kulowesha miguu na mikono, kufungua madirisha jua likitua na kulala juu ya mkeka au kitanda cha kamba kinachopitisha hewa husaidia. Wengi hulala uani, na ni sawa, mradi chandarua chenye dawa kitumike. Mbali na mbu, Wajir na Mandera kuna usubi anayeeneza ugonjwa wa kala-azar na kujificha kwenye vichuguu vya mchwa, hivyo kitanda huwekwa mbali na vichuguu.

Nusu ya kafeini ya chai hubaki mwilini baada ya muda wa saa tano hivi. Kikombe cha mwisho kinafaa kiwe kabla ya Alasiri. Baada ya hapo hunywewa maji au maziwa. Kwa mwenye kisukari, chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa sukari huamsha mara mbili, kwa kafeini na kwa mkojo.

Miraa inayotoka Meru na muguka wa Embu ina kathinoni, kemikali inayofanana kazi na amfetamini. Hupandisha presha na mapigo ya moyo, huondoa njaa, na handasi, yaani mchangamko wake, inapokwisha huacha mtu macho makavu na moyo mzito. Anayeanza kutafuna baada ya Adhuhuri na kumaliza usiku hawezi kutarajia kulala. Wapo wanaotafuna kisha wakameza kidonge cha usingizi cha diazepamu ili washuke, na kesho wakahitaji miraa zaidi ili wainuke. Kwa mwenye presha au kisukari mzunguko huo ni wa hatari. Asiyeweza kuacha mara moja husogeza muda wa kumaliza mapema kila wiki na kupunguza kiasi, huku akijua kuwa siku za mwanzo za kuacha huleta uchovu na ndoto nyingi zinazopita.

Kuzoesha mwili upya

Tiba inayopendekezwa kwanza kimataifa kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya kubadili mazoea na fikra. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitangaza hivyo mwaka 2016, na hufanya kazi hata kwa wenye magonjwa ya kudumu. Sehemu zake kuu zinaweza kufuatwa nyumbani.

Jambo la kwanza ni kuamka saa ileile, siku zote. Hapa Alfajiri inarahisisha kazi: kwa kuwa Garissa iko karibu na ikweta, wakati wake haubadiliki sana mwaka mzima. Anayerudi kulala hadi saa tatu asubuhi baada ya kuswali huharibu usiku unaofuata.

Jambo la pili ni kufupisha muda wa kitandani. Mgonjwa anayeingia kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri hukaa kitandani kwa saa nane; kama daftari linaonyesha analala saa tano na nusu tu, muda uliobaki ni wa kujigaragaza. Kwa wiki ya kwanza huingia kitandani saa tano usiku. Usiku ukijaa usingizi, yaani akilala zaidi ya asilimia 85 ya muda wa kitandani, husogeza mapema kwa dakika 15 kila wiki. Siku za mwanzo huwa na usingizi wa mchana, hivyo dereva, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hawafuati njia hii bila daktari.

Jambo la tatu ni kutenga kitanda kwa kulala. Asiyesinzia baada ya dakika 20 kwa makisio huondoka, akaketi penye mwanga hafifu kwa uradi, kusikiliza Qur'ani kwa sauti ya chini au kazi nyepesi ya mikono, na kurudi usingizi ukija. Simu hubaki mbali. Usingizi wa adhuhuri ni wa nusu saa tu na huisha kabla ya Alasiri.

Tiba za nyumbani

Ruqya na dua huleta utulivu wa moyo na hazigongani na matibabu. Tatizo huwa pale mgonjwa anapoambiwa aache insulini au dawa za presha kwa kuwa shida yake ni jini.

Maziwa ya ngamia ya moto ni kinywaji kizuri cha jioni, ingawa uwezo wake wa kuleta usingizi haujathibitishwa. Habbat soda inaweza kushusha sukari na presha kidogo, kwa hiyo anayeitumia pamoja na dawa hupima zaidi. Asali ni sukari kwa mwenye kisukari. Chai ya kamomili ina ushahidi mdogo na madhara machache. Unga usio na jina unaouzwa sokoni ndio wa kuogopwa: wenye figo au ini dhaifu hawana nafasi ya kubahatisha.

Vidonge vya usingizi

Piriton na prometazini ni dawa za mzio zinazosinzisha. Baada ya siku chache mwili huzizoea, usingizi ukapungua na madhara yakabaki: mdomo kukauka, choo kigumu, mkojo kuziba kwa mwenye tezi dume kubwa, na wazee kuchanganyikiwa. Hazifai kuwa dawa ya kila usiku.

Amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 jioni, hufaa pale ambapo kinachoamsha ni miguu inayowaka kwa kisukari au maumivu ya mishipa. Haifai kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa au aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, na hufungiwa mbali na watoto kwa kuwa vidonge vichache vinaweza kuua.

Diazepamu, yaani Valium, hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kwa mzee maana yake ni kuanguka usiku na kuvunjika nyonga. Kwa mwenye mapafu mabovu ni pumzi kudhoofika. Ikichanganywa na morfini au tramadoli inaweza kusimamisha pumzi kabisa. Hutolewa kwa cheti cha daktari, na haipaswi kuzidi wiki mbili hadi nne. Zolpidemu hukaa muda mfupi, lakini baadhi ya watu hutembea au hupika wakiwa usingizini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza dozi ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5. Melatonini ni salama kwa kiasi, ila kwa wastani huharakisha kusinzia kwa dakika chache tu.

Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupunguza nguvu ya nyingi kati ya hizi, na kuongeza dozi ili kufidia ni hatari matibabu yakiisha. Kila dawa ya usingizi hununuliwa kwenye duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ambalo hutundika leseni yake ukutani.

Ramadhani

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na anayetaka kufunga humwona daktari wiki kadhaa kabla. Usingizi hugawanyika: sehemu moja baada ya tarawehe hadi daku, nyingine fupi adhuhuri. Daktari anaweza kuhamishia dawa ya mkojo kwenye futari ili kazi yake iishe mapema usiku, na prednisoloni kwenye daku. Zolpidemu iliyomezwa saa sita usiku bado ina nguvu saa kumi, na anayeinuka kupika daku katika hali hiyo anaweza kuungua jikoni.

Kuacha vidonge na dalili zisizongoja

Aliyetumia diazepamu kila usiku kwa miezi haachi ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Hupunguza dozi kidogo kidogo kila wiki mbili chini ya uangalizi, na usingizi kuyumba kwa siku chache katika kila hatua ni jambo la kawaida.

Mgonjwa anayeamka akipigania pumzi, mwenye maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa au asiyeamshika, anayetoka jasho na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka, au anayesema hataki kuishi, apelekwe hospitali usiku huohuo. Wa nyumbani kwake wasisubiri adhana ya Alfajiri.